Ngozi ya Askari si ya Kufanyiwa Majaribio

Katika miaka ya hivi karibuni miji ya Afrika Mashariki imepata biashara mpya. Mbali na vinyozi na saluni za kusuka nywele, zimefunguliwa nyumba za urembo zenye mashine za umeme ambazo, kwa maneno ya wenye nyumba hizo, hufuta usoni madoa yaliyoletwa na jua na kuifanya ngozi iwe na rangi moja. Mteja hulazwa kitandani, hufunikwa macho, kisha mashine humpiga usoni mwanga mkali kama wa radi, pigo baada ya pigo. Nyumba za namna hii zipo Kampala, zipo na Nairobi, na sifa zake zimewafikia ndugu zetu askari na polisi, ambao ni watu wa jua kuliko watumishi wengi wa taifa hili.

Hatushangai kwamba wapo wanaozitamani. Askari wa usalama barabarani husimama njia panda tangu asubuhi hadi jua linapotua. Mlinzi wa daraja hana mti wa kujisitiri. Askari wa doria mpakani hutembea mchana kutwa. Baada ya miaka michache ya kazi hiyo kofia huchora mpaka kwenye paji la uso: juu rangi moja, chini rangi nyingine. Wembe nao huacha vipele na alama nyeusi kidevuni na shingoni. Mtu anayetaka uso wake uwe nadhifu kama ilivyo sare yake hatendi kosa lolote.

Lakini sisi tunasema wazi kwamba mwanga huo haukubuniwa kwa ajili ya ngozi kama zetu. Askari anayeuendea bila kujua jinsi unavyofanya kazi anaingia katika mapambano ambayo yeye mwenyewe ndiye shabaha. Tunapenda kueleza sababu zetu, kisha kusema ni nini kifanyike na ni nani anayepaswa kukifanya.

ASILI YA TIBA HII

Kutibu ngozi kwa mwanga si ulaghai, wala si jambo lililoanza jana. Niels Finsen, daktari aliyezaliwa katika visiwa vya Faroe mwaka 1860 na kufanya kazi yake Copenhagen, nchini Denmark, alikusanya mwanga wa taa kali za umeme na kuuelekeza kwenye vidonda vya kifua kikuu cha ngozi, maradhi yaliyokuwa yakila nyuso za watu wazima na watoto. Wengi walipata nafuu, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1903.

Mwaka 1960, huko California nchini Marekani, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani kwa kuimulika fimbo ya yakuti nyekundu kwa taa ya kumweka. Kisha mwaka 1983 madaktari wawili wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, walieleza kanuni ambayo ndiyo msingi wa mashine hizi zote. Kanuni yenyewe ni nyepesi kueleweka: ukichagua mwanga unaonyonywa na kitu kimoja tu ndani ya ngozi, na ukaupiga kwa muda mfupi mno, kitu hicho kitaungua na majirani zake watasalimika. Katika miaka ya 1990 kanuni hiyo ilitumika kuunda mashine za mwanga wa mapigo, ambazo ndizo zinazotumika sana kwa madoa ya jua.

Kwa askari tofauti ya leza na mwanga wa mapigo si ngumu. Leza ni kama risasi moja: mwanga wa rangi moja, unaokwenda kwa mstari mmoja. Wapo askari walioiona katika vyombo vya kupimia umbali wa shabaha. Mwanga wa mapigo ni kama bunduki ya marisau. Taa yenye gesi ya zenoni hutoa mwanga wa rangi nyingi kwa pamoja, wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 500 hadi 1200 hivi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwanga huo hupitishwa kwenye kichujio kinachozuia sehemu isiyotakiwa, na inayobaki hupigwa kwenye ngozi. Anayejua marisau anajua kwamba hayachagui sana pa kutua.

SHABAHA NI WEUSI

Sasa tuulize: mwanga huo unatafuta nini ndani ya ngozi? Unapotumwa kufuta madoa, unatafuta melanini, yaani ile rangi nyeusi na ya kahawia inayotengenezwa na chembechembe za ngozi. Kwa mtu mweupe, doa la jua ni fungu dogo la melanini lililo peke yake katikati ya ngozi isiyo nayo nyingi. Mwanga hulipata kwa urahisi. Doa hupata joto, baada ya siku chache huwa jeusi zaidi, hukauka kama machicha ya kahawa, kisha hubanduka. Kazi hurudiwa mara 3 hadi 5, kwa kupumzika kama mwezi mmoja kila mara. Kwa watu wa rangi hiyo matokeo mara nyingi huwa mazuri, na kukana jambo hili ni kukana ukweli.

Kwetu sisi hali ni nyingine kabisa. Wataalamu wanatuambia kwamba idadi ya chembechembe zinazotengeneza melanini hukaribiana kwa binadamu wote, awe Mzungu, Mhindi au Mwafrika. Kinachotofautiana ni wingi wa melanini yenyewe, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba na namna vilivyotawanyika. Mtu mweusi ana melanini katika ngozi yake yote. Doa lake ni jeusi juu ya weusi. Mwanga uliofundishwa kutafuta weusi hauna macho ya kulitambua doa na kumwacha mwenye doa. Ni sawa na kuamriwa kumpiga usiku adui aliyevaa nguo nyeusi, naye amesimama katikati ya wenzako ambao nao wamevaa nguo nyeusi.

Matokeo yake yanajulikana. Joto lililokusudiwa doa moja huenea katika tabaka lote la juu la ngozi. Ngozi hutoka malengelenge na kubabuka. Mwingine hubaki na kovu, na kwa wenye asili ya makovu yanayovimba, kovu hukua kupita jeraha lililolizaa. Kibaya zaidi, ngozi yetu ikijeruhiwa hujitetea kwa kutengeneza melanini nyingi zaidi, au chembechembe zake hufa na mahali hapo pakabaki peupe. Hivyo mtu aliyekwenda na doa moja hurudi na mabaka mengi yenye umbo la mstatili, umbo lile lile la kichwa cha mashine. Baadhi ya mabaka hayo hukaa miezi mingi, na mengine hayaondoki.

Tukumbuke pia historia ya vipimo vyenyewe. Mwaka 1975 Thomas Fitzpatrick, daktari wa Marekani, aliunda orodha ya kuzipanga ngozi kwa jinsi zinavyolipokea jua. Hapo mwanzo orodha ilikuwa na madaraja 4 tu, na ililenga ngozi nyeupe. Daraja la 5 na la 6, ambamo wengi wetu tumo, yaliongezwa baadaye. Mpaka leo ushauri wa kawaida wa madaktari wa ngozi ni kwamba mwanga wa mapigo usitumike kwa daraja la 6, na kwa daraja la 5 utumike kwa hadhari kubwa sana.

Hatusemi kwamba kila mwanga ni mwiko kwa mtu mweusi. Ipo leza yenye wimbi la nanomita 1064 ambayo hainyonywi sana na melanini ya juu, bali hupenya chini zaidi. Mikononi mwa mtaalamu leza hiyo imewasaidia watu weusi, hasa wale ambao ndevu zao huota kuelekea ndani. Hoja yetu si kuupiga vita ujuzi. Hoja yetu ni kwamba chombo kimoja si kingine, na anayeuza huduma mara nyingi hamwelezi mnunuzi tofauti hiyo.

Jambo jingine ni macho. Mwanga huu ukimpata mtu jichoni unaweza kumdhuru vibaya, ndiyo maana mteja hufunikwa macho na mwenye mashine huvaa miwani maalumu. Askari wanapaswa kulielewa hili kuliko raia. Mwaka 1995, katika mkutano uliofanyika Vienna, mataifa yalipitisha itifaki inayopiga marufuku silaha za leza zilizoundwa makusudi kupofusha watu. Ikiwa ulimwengu uliona mwanga unaweza kuwa silaha ya kukatazwa vitani, si busara mtu kuupokea usoni kutoka kwa yeyote aliyenunua mashine na kukodi chumba.

JUA LENYEWE

Baada ya kusema hayo, hatuna budi kulitazama jua, kwa kuwa ndilo linalotajwa kuwa mkosaji wa kwanza. Nchi yetu imekatwa na Ikweta. Asafiriye kutoka Kampala kwenda Masaka huivuka pale Kayabwe. Katika eneo hili miale ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho, saa za adhuhuri mara kwa mara hupita kipimo cha 11, ambacho Shirika la Afya Duniani hukiita kiwango cha kupindukia. Aidha, miale hiyo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 12 kwa kila mita 1000 za kupanda juu. Kampala iko kwenye mita 1200 hivi, na Kabale inakaribia mita 2000. Baridi ya Kabale isimdanganye askari: jua lake ni kali kuliko la pwani. Mawingu mepesi nayo huruhusu sehemu kubwa ya miale kupita, na mchanga mkavu hurudisha juu kama asilimia 15 ya miale inayoupiga. Vikosi vyetu vilivyotumwa Somalia tangu mwaka 2007 vinaujua mchanga huo.

Hata hivyo Mwenyezi Mungu hakutuacha bila ngao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya 13.4 dhidi ya miale ya jua, na la ngozi nyeupe 3.4. Ndiyo sababu mtu mweusi hukunjamana uso akiwa mzee zaidi, na kansa za ngozi zinazoletwa na jua humpata kwa nadra. Weusi ambao mashine huusaka kana kwamba ni uchafu ndio huohuo uliomlinda askari wetu lindoni miaka yote hiyo.

Wapo miongoni mwetu wasio na ngao hiyo. Watu wenye ualbino, na katika kambi zetu wapo watoto wa askari wenye hali hiyo, huchomwa na jua tangu utotoni, na wengi hupata kansa ya ngozi wakiwa bado vijana. Kwao kofia pana, nguo za mikono mirefu na krimu ya kuzuia jua si urembo bali ni tiba. Huko Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili yao. Fedha inayotupwa kwenye mashine za kung'arisha nyuso zenye afya ingefaa zaidi kama ingewanunulia watoto hawa kofia na krimu.

Je, sisi wengine tufanyeje? Dawa ya jua ni kivuli. Ipo kanuni isiyohitaji chombo chochote: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko urefu wako, jua ni kali, jisitiri. Kikiwa kirefu kuliko wewe, nguvu yake imepungua. Mpaka wa kofia kwenye paji la uso hufifia wenyewe kwa wiki na miezi uso unapopata kivuli, kwa sababu tabaka la juu la ngozi hujibadilisha karibu kila mwezi. Hakuna mashine inayofanya kazi hiyo kwa usalama zaidi.

SI KILA ALAMA NI YA JUA

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Askari hufundishwa kwamba asifyatue risasi kabla ya kuijua shabaha. Mwuza mwanga hana subira hiyo. Kwake kila alama ni doa la jua. Lakini alama za usoni na mwilini zina asili nyingi, na kila moja ina tiba yake.

Kwanza, wembe. Nywele za ndevu zetu hujikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha yake kali hurudi na kuchoma ngozi, pakatoka vipele, usaha na alama nyeusi. Ripoti ya kitabibu iliyochapishwa Marekani mwaka 1974 ilieleza jinsi hali hii ilivyowasumbua askari weusi wa huko, hata ikawa tatizo la utawala na si la tiba peke yake. Dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa mpaka ngozi ipoe, kisha kutumia mashine ya kukata nywele inayobakiza kidogo, au kunyoa kwa kufuata mwelekeo wa ndevu bila kuivuta ngozi. Kuzipiga mwanga alama hizo huku wembe ukiendelea kila asubuhi ni kuteka maji kwa pakacha.

Pili, dawa. Doksisaiklini, ambayo majeshi mbalimbali huwapa askari kujikinga na malaria, na ambayo hutibu maradhi mengine mengi, huifanya ngozi ilipokee jua kwa ukali usio wa kawaida. Askari anayeimeza anaweza kuungua kwa jua ambalo jana halikumdhuru. Sehemu ya miale inayohusika hupita hata kwenye kioo cha gari, kwa hiyo dereva asijione yuko salama. Tena, mtu anayetumia dawa ya namna hiyo akienda kupigwa mwanga wa mashine, hatari ya kuungua huongezeka.

Tatu, mabadiliko ya mwili. Dada zetu walio katika polisi na jeshi wanajua kwamba mimba, na baadhi ya dawa za uzazi wa mpango, huleta baka la kahawia mashavuni na kwenye paji la uso. Jua huliongeza. Joto la mashine nalo linaweza kulififisha kwa wiki chache kisha likarudi jeusi kuliko mwanzo.

Nne, maradhi. Baka lililofifia rangi, tena lisilosikia hata likiguswa kwa pamba, huenda likawa ukoma. Ukoma unatibika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza matibabu ya dawa kadhaa kwa pamoja mwaka 1981, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Anayechelewa kwa sababu anapaka krimu au anapigwa mwanga huweza kupoteza vidole na macho yake kwa ugonjwa ambao vidonge vingeuponya.

Tano, na hili liwafikie wote wavaao buti: kansa mbaya ya melanini. Kwa watu weusi kansa hii mara nyingi haitokei mahali panapopigwa na jua, bali kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha. Uchunguzi uliofanywa hapa Uganda na kuchapishwa Uingereza mwaka 1967 uliihusu kansa hiyo, hasa ile inayotokea kwenye nyayo. Dunia nzima inamkumbuka Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika. Mwaka 1977 iligunduliwa kwamba kidonda cha kidole chake gumba cha mguu, kilichodhaniwa kuwa jeraha la mpira, kilikuwa kansa ya namna hiyo. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Doa jeusi linalokua, linalobadilika umbo au linalotoa damu halipigwi mwanga hata kidogo. Likipigwa, sehemu ya juu hufifia na kumpoteza daktari, na kansa chini yake ikaendelea na safari.

KASUMBA YA RANGI

Lipo neno moja zaidi, na tutalisema bila kumtukana mtu. Kufuta doa ni jambo moja, na kuukimbia weusi ni jambo lingine. Katika maduka mengi mambo haya mawili huuzwa katika chupa moja na kwa jina moja la kung'arisha. Mteja huingia akiulizia alama ya wembe, hutoka na krimu ya kumbadilisha rangi.

Bara letu limekwisha kuonja uchungu wa krimu hizo. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza jinsi zile zenye haidrokwinoni zilivyowaachia watumiaji mabaka meusi ya buluu yasiyotoka, na mwaka 1990 nchi hiyo ikapiga marufuku krimu za kujichubua. Nyingine huwa na zebaki, ambayo huharibu figo, na ndiyo maana Mkataba wa Minamata uliopitishwa Japan mwaka 2013 uliiwekea vipodozi vya namna hiyo mwisho. Nyingine huwa na steroidi, ambazo hukonda ngozi mpaka ikawa kama karatasi. Ngozi iliyochubuliwa namna hiyo imevuliwa ngao, nayo ikisimamishwa njia panda saa sita mchana hupata madoa zaidi. Ndipo mwenye nayo huambiwa aende kwenye mashine. Biashara moja humwandalia mteja biashara nyingine.

Sare ya taifa haina rangi ya uso. Anayeivaa hapungukiwi heshima kwa weusi wake, wala haongezewi kwa weupe wa kununua.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Tunajua tutajibiwa kwamba mshahara ni wa askari mwenyewe na uso ni wake. Ni kweli. Lakini mtu huru ni yule anayenunua akijua anachonunua. Askari anayekusudia kupigwa mwanga na aulize kwanza: Ni nani anayeishika mashine, na je, amesomea tiba ya ngozi? Ni mashine ya namna gani, na je, inafaa ngozi nyeusi? Je, itajaribiwa kwanza mahali padogo palipofichika, tukasubiri wiki kadhaa kuona matokeo? Nikiungua, ni nani atakayenitibu? Naye asifiche dawa anazomeza. Akikosa majibu, na aondoke na fedha yake mfukoni.

Kabla ya hapo, na aanzie kwenye zahanati ya kambi. Mhudumu wa afya akishindwa kuitambua alama, ampeleke kwa daktari wa ngozi katika hospitali kubwa. Kitanda cha nyumba ya urembo si mahali pa kupimia ugonjwa.

Kwa makamanda tuna maombi matatu. La kwanza, kivuli kihesabiwe kuwa ni sehemu ya vifaa vya kazi. Kibanda au mwavuli mkubwa kwenye njia panda na kwenye vizuizi vya barabarani, zamu fupi kati ya saa tano na saa tisa mchana, na kofia yenye ukingo mpana inapowezekana: haya hayavunji nidhamu. La pili, askari mwenye cheti cha daktari kwamba wembe unamdhuru asiadhibiwe kwa ndevu fupi zilizotunzwa vizuri. Adhabu haiponyi ngozi, na humsukuma mtu kwa wauza miujiza. La tatu, vikosi vinapopewa doksisaiklini, askari waambiwe siku hiyohiyo habari ya jua.

Kwa vyombo vinavyosimamia dawa, viwango vya bidhaa na taaluma ya udaktari, tunasema kwamba mashine inayoweza kuunguza uso na kupofusha jicho isiuzwe wala kutumiwa kama pasi ya nywele. Zijulikane ziko wapi, na anayezitumia ajulikane amesomea nini. Raia naye atafaidika, kwa kuwa ngozi ya raia haina tofauti na ya askari.

Taifa limewekeza katika mwili wa askari chakula, mafunzo na matumaini yake. Nchi haidai awe na uso mweupe. Inadai awe na macho yanayoona, miguu inayotembea na ngozi isiyo na jeraha la kujitakia. Na aitunze ngozi aliyozaliwa nayo, akijua kwamba ndiyo ngao yake ya kwanza dhidi ya jua la Ikweta.